Wakuu wa Mwanza: tunatengeneza ufunguzi wa filamu, dakika 2 tu, na ziwa limetugomea

Binti_Igoma (mwanzisha uzi), Jumapili saa 2:10 usiku

Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine habari za jioni.

Nipo mwaka wa pili, nasomea utangazaji na utengenezaji wa picha kwenye chuo kimoja hapa hapa Mwanza. Kazi ya muhula huu ni kila kundi kutengeneza ufunguzi wa filamu. Sio filamu nzima, ufunguzi tu, dakika 2 zisizozidi hata sekunde, na majina ya washiriki yapite juu ya picha kama filamu ya kweli. Tuko watano. Tuna simu moja yenye kamera ya maana, tripodi ya kuazima na mchango wa 60,000.

Stori yetu inaitwa "Taa ya Saba". Binti wa mvuvi wa dagaa kila usiku anapanda jiwe kuhesabu taa ziwani. Baba yake na wenzake hutoka na mitumbwi saba. Usiku huu anahesabu taa sita. Hapo ndipo jina la filamu linatokea.

Ijumaa tulienda Igombe. Tumekaa juu ya jiwe toka saa 12 jioni mpaka saa 5 usiku. Taa hamna. Hata moja ya kusingiziwa. Ziwa jeupe pee kama bati jipya. Tumerudi na picha za mwezi, na mwigizaji wetu kapata mafua. Tunawasilisha baada ya wiki 3. Nimeambatanisha orodha ya shoti zetu, yaani vipande vya picha tutakavyopiga, ziko 46. Tumekosea wapi?

Naomba kuwasilisha.

---

Jiwe_Juu_ya_Jiwe, saa 2:17

Nimeweka kambi hapa. Uzi bila picha haunogi, weka hata hizo za mwezi.

---

Mkerewe_wa_Nansio, saa 2:31

Hahaha, mdogo wangu, mmeenda mbalamwezi! Hapo mngekaa mpaka asubuhi. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Taa inafanya kazi kwa sababu kila mahali ni kiza, samaki wanaifuata pale ilipo. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo watu wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Mtoto yeyote wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, angewaambia kabla hamjatoa nauli.

Ila msikate tamaa. Baada ya mwezi mpevu, kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50. Ndani ya wiki moja utakuwa unatoka karibu na saa 6 usiku, kwa hiyo mtapata giza la jioni. Mkisubiri wiki ya pili ndiyo giza lenyewe, mtaona ziwa limewaka kama mji.

Halafu kuna jambo la pili, na hili litauma zaidi. Mtumbwi mmoja hauwi na taa moja. Wanaelesha taa kadhaa juu ya maboya, wanaziacha, baadaye wanazizungukia. Taa saba sio mitumbwi saba. Hiyo stori ukimwonyesha mvuvi atacheka mpaka atapike.

---

Binti_Igoma, saa 2:40

Mkuu umenivunja mbavu na moyo kwa pamoja. Sasa jina la filamu si limekufa?

---

Ngosha_Kamera, saa 3:25

Mwangaluka, hata kama ni usiku.

Nimesoma orodha yako ya shoti 46. Tufanye hesabu kama watu wazima. Dakika 2 ni sekunde 120. Gawa kwa 46, kila shoti inapata sekunde 2 na nusu hivi. Hiyo ni kasi ya tangazo la soda, na wewe unatengeneza kitu cha binti anayesubiri. Sasa upande wa kazi: kusogeza tripodi, kupanga mwanga, kufanya mazoezi na kurudia mara tatu, kwa kundi la wanafunzi weka dakika 15 kwa kila shoti, na hapo nimewahurumia. 46 mara 15 ni dakika 690, yaani saa 11 na nusu. Na nyie mnataka kila kitu kionekane ni jioni ileile!

Huku kwetu karibu na ikweta jioni haina subira. Jua la Mwanza linazama saa moja kasoro hivi, na ule ubuluu mzuri kabla ya kiza kamili unakaa dakika kama 20 tu. Simu yako ikiingia kwenye kiza kamili inaanza kuleta chengachenga. Kwa hiyo hizo dakika 20 ndizo mali yako yote. Ndani yake unapata shoti 2, ukiwa hodari 3. Kila kitu kifanyiwe mazoezi mchana, mahali palepale, kwa saa mkononi.

Na storibodi, ile michoro ya shoti moja moja, msiichorie bwenini. Nimeona mmechora binti amesimama na ziwa liko nyuma yake tambarare, na jiwe refu kama ghorofa. Nendeni mkalitafute hilo jiwe, likalieni, piga picha za simu pande zote, ndipo mchore. Mara nyingi utakuta sehemu nzuri haina pa kusimamisha tripodi.

Punguza shoti ziwe 14. Ombi binafsi: msifungue na Jiwe la Bismarck. Kila video ya Mwanza inaanza na hilo jiwe, nahisi hata lenyewe limechoka.

---

Sato_wa_Kupaka, saa 3:41

Kwa hiyo wasifungue na Bismarck, wafungue na kile cha Bongo movie: Noah inafika, honi, mlinzi anafungua geti taratiiibu, Noah inaingia, inapaki, mtu anashuka, anapanda ngazi zote, anagonga, "Hodi", "Karibu", "Za hapa?", "Nzuri, za kwako?" Dakika 9 zimeisha na majina hayajafika nusu.

---

Ngosha_Kamera, saa 3:44

😂 Usicheke sana, watu wameweka mkate mezani kwa hilo geti. Mwigizaji Kanumba alizaliwa Shinyanga hapo jirani na aliwafanya watu wa nchi nyingine wakae chini waangalie filamu zetu. Ila ni kweli, geti lilikula muda. Ufunguzi uanzie mahali ambapo mtu akitaka kwenda kunywa maji anajiuliza kwanza.

---

Droni_Tu, saa 4:02

Yote hayo ya nini? Tafuteni droni, ruka juu ya mitumbwi jioni, weka muziki wa huzuni, kazi imekwisha. Nina jamaa anakodisha.

---

Mzee_wa_Kanuni, saa 4:20

Kijana usiwaingize wenzio matatizoni. Droni ina utaratibu wake wa vibali, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) wapo, na Igombe iko upande wa uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu ya vichwa vyao.

Binti, nikupe utaratibu wa hiyo kazi yenu ya kawaida. Utengenezaji wa filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Msijidanganye kwamba kwa kuwa ni simu basi hamuonekani. Chukueni barua ya utambulisho chuoni, nendeni kwa afisa utamaduni wa wilaya, awaelekeze. Halafu mkifika mwaloni muoneni mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) kabla ya kutoa simu mfukoni. Kuna wavuvi wakiona kamera wanawaza doria, kwa sababu ya nyavu haramu. Bandarini na kwenye vivuko msipige bila ruhusa. Kisiwa cha Saanane kiko chini ya TANAPA, ni hifadhi ya taifa, nacho kina taratibu zake.

Muziki msiibe. Kama kuna rafiki anayepiga gitaa, mpeni soda na karatasi asaini.

---

Mama_Kirumba, Jumatatu saa 12:50 asubuhi

Wanangu, mimi si mtu wa filamu. Nauza dagaa mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na nane huu, na marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Mwanangu wa mwisho ndiye kaniletea huu uzi nisome.

Hilo la binti kuhesabu limenigusa, ila kwetu haikuwa hivyo. Mama yetu alikuwa hataki tuhesabu kwa mdomo. Ukianza moja, mbili, unapigwa kofi. Yeye jioni mitumbwi ikitoka alikuwa anaokota kokoto, kwa kila mtumbwi wa ukoo kokoto moja, anazishika kwenye kanga. Asubuhi wakirudi, kila mtumbwi ukigusa mchanga anatupia kokoto moja kwenye kopo. Hasemi kitu. Sisi watoto tukisikia kopo linalia tunajua chai itapikwa.

Hamkuniuliza, nimesema tu.

---

Binti_Igoma, saa 1:15 asubuhi

Mama shikamoo. Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo.

---

Fundi_Sauti, saa 1:48 asubuhi

Binti, futa orodha yako yote uanze upya. Filamu yako mama ameshakupa, na ni filamu ya sauti, sio ya taa.

Ushauri wangu, na tafadhali uufuate kwa sababu walimu wengi wanasamehe picha mbaya lakini sauti mbaya inaonekana hata ukifumba macho:

Tumia simu ya pili kurekodi sauti, iwe karibu na mwigizaji, imefichwa nyuma ya jiwe. Kabla ya kila shoti mmoja apige kofi mbele ya kamera, mkono uonekane. Kwenye kuhariri unalinganisha lile kofi na sauti yake, kazi imeisha. Upepo: kata sponji ya godoro, funika tundu la maiki, vika soksi juu. Usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani na huwa wa polepole; jua likipanda unageuka, unatoka ziwani na unapiga kweli. Sauti zote za nje zimalizwe kabla ya saa 4 asubuhi.

Kila mahali mkimaliza, wote mnyamaze dakika moja nzima, mrekodi pale palivyo: maji, vyura, kunguru, jenereta ya mbali. Bila hiyo, kila ukikata shoti sauti ya nyuma inaruka kama redio ya betri.

Sauti ya kokoto kwenye kopo irekodiwe peke yake, chumbani, kwa karibu. Jaribu makopo tofauti. La maziwa linalia juu sana. Kopo la zamani la Blue Band, kubwa, lina kishindo kizuri. Na zima ile hali ya simu kujirekebishia sauti kama programu inaruhusu, la sivyo kimya kikirefuka simu inajipandishia yenyewe na kokoto itapiga kama bomu.

---

Daktari_wa_Mtaa, saa 3:05 asubuhi

Napita tu. Kwenye orodha naona shoti namba 12 hadi 17: "binti anaingia majini hadi magotini, anasimama." Shoti sita! Ufukwe wetu una kichocho. Vimelea vinatoka kwenye konokono wa majini, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu, hata huhisi. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiyo kabisa. Kama lazima miguu ionekane majini, jazeni beseni maji ya bomba, wekeni mchanga na kokoto chini, pigeni kwa karibu. Hakuna atakayejua. Mamba na kiboko sijawataja.

---

Ngosha_Kamera, saa 3:30 asubuhi

Beseni! Dakta karibu kwenye fani.

Jambo la kitaalamu nililosahau. Wekeni simu fremu 25 kwa sekunde, na spidi ya shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukipiga kwa fremu 30 chini ya taa za tyubu picha inaweza kupepesa. Taa za sola za bei rahisi nazo zinaweza kupepesa zenyewe, zijaribuni kabla. Fokasi na mwanga vifungwe: bonyeza skrini na ushikilie mpaka vikae. Usipofunga, taa ikipita mbele simu inafanya picha nzima iwe nyeusi ghafla.

Usiku wa taa za ziwani msizipige muda mrefu. Sekunde 15 zinatosha, na hapo ndipo pa kuweka majina, kwa sababu juu yote ni nyeusi na herufi zinasomeka. Kipimo changu cha jina: lisome kwa sauti mara mbili, likiwa bado lipo, ondoa. Jina la mwongozaji lije mwisho.

---

Kijiwe_Nongwa, saa 5:12 asubuhi

Na jina la filamu liwe "Kijiwe cha Saba".

---

Sato_wa_Kupaka, saa 5:14 asubuhi

Watu watakuja na vikombe wakidhani ni kijiwe cha kahawa.

---

Binti_Igoma, Jumatano, wiki mbili na siku kadhaa baadaye

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa ukimya, tulikuwa tunahangaika.

Jina sasa ni "Kokoto". Shoti 14, tulizopiga ni 13.

Mwenyekiti wa mwalo alitupokea vizuri baada ya kusoma barua mara mbili. Alituuliza swali moja tu: "Mtapiga picha nyavu?" Tukasema hapana. Akatupa kijana wa kutuongoza.

Jioni ilikwenda kama Ngosha alivyosema. Mchana tulifanya mazoezi mara saba, jua lilipozama tukapata shoti 2 safi: mkono unaokota kokoto, na uso wa binti mitumbwi ikitoka. Ya tatu tulikuta kiza kimeingia. Usiku wa taa, jamani, sijui niseme nini. Ile Ijumaa ya kwanza na ile ya giza sio ziwa moja. Wadudu nao walikuja kwenye taa yetu wakajaa mpaka kwenye chai.

Balaa likawa alfajiri. Kwenye storibodi niliandika: "Mitumbwi sita inarudi." Kumbe mwalo mzima unarudi! Kufika saa 1 kasoro ilikuwa imeshafika mitumbwi zaidi ya thelathini, watu wanapiga kelele, ndoo, matenga, makorongo yanakimbizana na mbwa. Utamwambia nani asubiri? Mpiga picha wetu alikaa chini akashika kichwa.

Nikakumbuka maneno ya Fundi Sauti. Nikasema tusipige mtumbwi hata mmoja. Tukamgeuzia kamera binti. Uso, mkono, kopo. Tukarekodi mashine za mitumbwi peke yake, zikija na kuzimwa. Kwenye kuhariri: mashine inakuja, inazimwa, anatupia kokoto, kopo linalia. Ya kwanza sekunde 8, ya pili 6, zinazidi kuwa fupi. Ya sita. Halafu tumeacha sekunde 11 za maji tu. Mkono unafunguka, kokoto moja. Jina.

Kopo tuliazima kwa mama lishe wa palepale, na kweli ni la Blue Band. Jumla dakika 1 na sekunde 58. Nimeweka kiungo, naomba mkague kabla ya Ijumaa.

---

Fundi_Sauti, saa 2:20 usiku

Hizo sekunde 11 msiziguse. Mwenzenu yeyote akiwaambia ni ndefu, mtoeni kwenye kundi.

---

Ngosha_Kamera, saa 2:48 usiku

Safi sana. Kosa moja. Jioni binti anatazama kulia kwa skrini, yaani ziwa liko kulia. Alfajiri anatazama kushoto. Mlivuka mstari bila kujua: mkaenda na kamera upande wa pili wa jiwe. Mtazamaji atadhani anaangalia nyumbani, kaupa mgongo ufukwe. Kama hamuwezi kurudi, geuzeni ile shoti ya uso kama kwenye kioo, programu nyingi za kuhariri zinafanya hivyo kwa kubonyeza mara moja.

---

Binti_Igoma, saa 3:30 usiku

Nimegeuza, imekaa. Toleo jipya liko kwenye kiungo kilekile.

---

Mama_Kirumba, Alhamisi saa 12:35 asubuhi

Mwanangu, nimeangalia mara nne. Nimelia kidogo, nikaacha. Ila kanga ya binti asubuhi inasomeka kinyumenyume. Maandishi yanaanzia mwisho. Mwanamke yeyote ataliona jina la kanga kabla hajauona uso.

---

Sato_wa_Kupaka, saa 12:52 asubuhi

Aisee. Wanaume kumi humu hakuna aliyeona.

---

Ngosha_Kamera, saa 1:03 asubuhi

Nimekubali, mama. Binti, kuza picha kidogo, maandishi yatoke nje ya fremu, ubaki na uso. Shoti ni ya sekunde 5, itavumilia.

---

Binti_Igoma, Ijumaa saa 10:40 jioni

Tumewasilisha. Kanga haikuonekana. Darasa lilikaa kimya kwenye zile sekunde 11, mpaka mtu mmoja simu yake ikaita, sitamtaja. Mwalimu ametupunguzia alama kwa shoti ya beseni, kasema mchanga unaonekana umepangwa (Dakta, umesikia). Halafu akauliza mtumbwi wa saba umekwenda wapi. Sisi watano tukatazamana, kila mmoja alikuwa na jibu lake.

---

Mama_Kirumba, saa 12:15 jioni

Mashine imewafia, wamelala kisiwani, saa 4 watafika wakiwa na njaa. Msimuue baba wa watu kwa ajili ya shule.

Na lile kopo la mama lishe mmerudisha?

---

Binti_Igoma, saa 12:19 jioni

Kesho asubuhi, mama. Naenda nalo mwenyewe.